Haikuwa Ile Mitungi ya Maji

Barasa wangu,

Kumwandikia mtu barua na mnakunywa chai ya sufuria moja ni kituko, najua. Umetoka hapa saa nane kwenda Kware kuwaaga wenzako, mama yako yuko kanisani kwa mkutano wa akina mama, na mimi nimebaki na daftari lako la chuo, zile kurasa za nyuma ambazo hukuandika kitu. Nimejaribu kukuambia ana kwa ana tangu Jumatatu. Nimekufuata jikoni mara mbili, ukaniuliza, "Ni nini, mzee?" nikasema natafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele ya macho yangu. Ukanipa, nikasimama nayo mkononi kama mjinga, halafu nikaenda zangu.

Sitakuambia ufue blanketi wala upige simu kila Jumapili. Mama yako amekuimbia hayo mpaka umeyashika. Kesho unaenda Naivasha kwa kazi ya umeme huko kwenye mashamba ya maua, una miaka ishirini na mitatu, maisha yako utayaendesha mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu mambo ya chumbani, linamhusu dada yako aliyezaliwa akiwa amekufa, na linakuhusu wewe. Ukiondoka bila kulijua, utaondoka na uongo wangu, na umekaa nao miaka kumi na sita.

Wiki iliyopita ulikuwa umesimama kwa balkoni na rafiki yako Denno. Mimi nilikuwa hapa ndani nafunga viatu. Denno akakuuliza kuhusu yule msichana wako, kama mnajikinga. Ukacheka, ukamwambia, "Zii, hatujafika huko. Ni ya mdomo tu. Hiyo haina noma."

Barasa, nilishindwa kufunga kamba ya kiatu. Uliongea nami, ingawa hukujua. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, na nilicheka hivyo hivyo.

Ngoja nianze mwanzo, na unisamehe nikiandika wazi. Nimechoka kuzungukazunguka.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikaa Kayole, ghorofa ya nne, na mama yako alikuwa na mimba ya miezi minne. Gereji yetu ilipata kazi Eastleigh, kupiga rangi magari ya mfanyabiashara mmoja mwenye maghala. Tulipiga rangi huko wiki kadhaa. Jioni wenzangu walikuwa wakipitia kwa vyumba vya wageni nyuma ya yale maduka makubwa, na kulikuwa na wanawake. Mimi nilikuwa naogopa ukimwi kama nini. Nilikuwa nimezika ndugu yangu. Basi wakaniambia, tena kwa upole, kama watu wanaomsaidia mwenzao: "Wewe usilale na mtu. Wacha akufanyie na mdomo tu. Hapo si kuzini, na hakuna ugonjwa."

Nikaamini. Unajua kwa nini niliamini? Kwa sababu nilitaka. Hakuna aliyenishikia kisu. Nilienda mara tatu, na kila mara nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa akili. Eti wengine wanalala ovyo na mimi nimejizuia! Nilimpikia mama yako uji nikiwa na roho safi kabisa. Hilo ndilo linaniudhi zaidi nikikumbuka, hiyo roho safi.

Yule mwanamke simlaumu, na wewe usimlaumu. Kidonda cha kaswende huweza kukaa chini ya ulimi au ndani ya shavu, na hakiumi, hata mwenyewe hajui kama yuko nacho. Pengine alipewa na mwanamume kama mimi, aliyeambiwa hakuna ugonjwa.

Baada ya kama wiki tatu nikaona kidonda mahali pangu pa siri. Kimoja, kidogo, kigumu kando. Hakikuuma hata chembe. Nikasema ni ovaroli imenichubua, maana tulikuwa tunashinda tumechuchumaa kando ya magari siku nzima. Nikakiosha kwa maji ya chumvi. Kikapona chenyewe, nikafurahi, nikarudi kwa mama yako kama kawaida.

Halafu viganja vyangu vikatoka madoa, mekundu, makavu, hayawashi. Nikamwonyesha bosi wa gereji. Akaninyooshea vyake, navyo vilikuwa vimebabuka, akasema, "Hiyo ni thina. Sisi wapiga rangi wote tuko hivyo." Na ni kweli thina, ile ya kuyeyushia rangi, huharibu mikono, sisi tunaoshea rangi nayo kutwa. Basi nikanunua mafuta ya kupaka. Mpiga rangi yeyote wa Kayole angefanya vivyo hivyo. Lakini madoa yale yalikuwa kwenye nyayo pia, Barasa, na mimi sioshi miguu kwa thina. Niliyaona. Nikavaa soksi.

Kliniki ya mimba mama yako alikuwa ameenda mapema, mwezi wa tatu. Walimpima damu, hakuwa na kitu. Kadi yake ilikuwa safi. Niliyempelekea ugonjwa ni mimi, baada ya hapo.

Sasa nafika kwako.

Hiyo siku unaikumbuka, najua unaikumbuka, kwa sababu hujawahi kuitaja. Maji yalikuwa yamepotea wiki nzima, yakatoka kwa bomba la chini mchana. Kazi yako ilikuwa kumsaidia mama kupandisha maji, wewe na kale kamtungi kako ka lita tano. Ukawa umeenda kucheza mpira. Mama yako akapandisha mitungi miwili mikubwa peke yake, ghorofa nne, mimba ya miezi minane. Jioni akasema mtoto hachezi. Asubuhi tulikuwa hospitali. Ilikuwa msichana.

Jirani yetu, yule wa mlango wa pili, alisema palepale, "Ni hiyo maji. Mjamzito habebi mitungi." Kila mtu akashika hiyo. Mama yako akashika hiyo. Na mimi nilikuwa na uchungu, nikakugeukia wewe uliyekuwa umesimama mlangoni na viatu vya matope, nikakuambia, "Ungekuwa nyumbani ukimsaidia mama yako, mtoto angekuwa hai."

Mtoto wa miaka saba.

Sitatafuta neno la kupunguza hilo. Nilisema.

Hospitali walichukua damu ya mama yako kabla hajaruhusiwa. Wiki iliyofuata alikuwa bado amelala, hawezi kutoka, nikaenda mimi kuchukua majibu. Nilimkuta sista mmoja mtu mzima, mwenye miwani ya kamba. Akanifungia mlango, akaniuliza umri wangu, kazi yangu, kisha akasema, "Baba, ni kaswende. Ugonjwa huu huingia kwa mtoto tumboni na humuua. Wewe umekuwa na kidonda?" Nikakataa. Akarudia swali. Nikamwambia nilikuwa nacho, lakini sikulala na mtu, ilikuwa ya mdomo. Akavua miwani. Akasema, "Na ni nani aliyekuambia mdomo si mwili?"

Alituchoma sindano wote wawili, mimi siku hiyo na mama yako siku mbili baadaye. Alitaka kumweleza mwenyewe. Nikamwomba, nikamwambia, "Sista, niachie, nitamwambia mimi." Akasema nimwambie siku hiyo hiyo. Nikamwambia mama yako hiyo ni sindano ya kusafisha damu baada ya kujifungua. Akashukuru. Akasema mimi ni mume mwema, nimehangaika na hospitali.

Na jioni ile nikiwa na karatasi ya majibu mfukoni mwa koti, wewe ulinijia. Nilikuwa nimekaa kitandani. Ukasimama mbele ya magoti yangu, ukaniuliza, "Baba, ni mimi nilifanya mtoto akufe?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja. Hata bila kueleza, hata bila kumtaja mtu, ningesema tu hapana. Nikakuambia nenda ulale.

Tangu siku hiyo hujawahi kumwachia mama yako mtungi. Siku ya mtihani wa darasa la nane uliamka kabla ya alfajiri ukajaza mapipa kwanza. Ulipovunjika mkono ukabeba na mmoja. Majirani wa ploti wakakusifu, "Huyu kijana wa Mama Barasa ana adabu," na mimi nikaitikia, nikasema nimekulea vizuri. Jana nimekuona unanunua madumu mawili mapya uyajaze kabla ya safari, mama asihangaike. Nilitoka nikaenda chooni nikalia. Mimi, mtu mzima, natafuna mkono wa shati ili msinisikie.

Haikuwa ile mitungi ya maji. Haikuwa mpira wako. Hata ungebeba maji ya mtaa mzima siku hiyo, mtoto alikuwa ameshapotea, na aliyempoteza ni mimi. Soma hapo tena. Nakuomba usome tena hapo kabla ya kuendelea.

Mama yako hakutaka mimba nyingine. Alisema tumbo lake ni dhaifu. Nikamwacha aamini hivyo. Ndiyo maana uko peke yako.

Sasa ya yule msichana wako. Simjui, sitauliza jina. Baada ya kukusikia pale balkoni nilienda kliniki Alhamisi, kwa sababu sikutaka kukuambia mambo ya miaka kumi na sita iliyopita kama ndiyo yote. Nilimpata daktari msichana, rika lako. Nikajikuna kichwa, nikakohoa, nikasema nina swali la rafiki. Akasema, "Sawa, mzee, mwambie rafiki akae." Mungu wangu! Lakini alinieleza bila kucheka, na nilimuuliza mpaka watu wa foleni wakaanza kugonga mlango.

Aliniambia kaswende hupita kwa mdomo pande zote mbili, kwa anayefanya na anayefanyiwa. Kisonono nacho hukaa kooni. Mtu anaweza kuwa nacho hapo na asisikie hata mwasho, akala, akaimba kwaya, na akampa mwenzake. Nikamuuliza, basi mtu akipimwa mkojo si ataonekana? Akasema mkojo hauonyeshi cha kooni. Inabidi umwambie daktari wazi kwamba ulitumia mdomo, akupanguse kooni kwa kijiti chenye pamba. Usipomwambia hatajua pa kutafuta. Kaswende inataka damu. Kwa hiyo ile aibu ya kutamka, Barasa, imeze. Utamke mbele ya mtu usiyemjua. Mimi nilishindwa kutamka mbele ya sista mmoja, nikaanza kwa kukataa.

Yale malengelenge ya midomoni, yale tunayosema ni ya homa, nayo hushuka chini. Mtu akiwa nayo, msiguse mambo hayo mpaka yaishe, na hata yakiisha anaweza kuambukiza bado. Kuna na kirusi kingine kinachoweza kukaa kooni miaka na miaka kikaja kuleta saratani. Wengi hukipata na kikaisha chenyewe, lakini si wote, na kina chanjo, uliza kama unaweza kuchanjwa. Ukimwi kwa njia hiyo ni nadra, hilo wenzangu hawakudanganya sana. Lakini nadra si sufuri, na ukiwa na kidonda mdomoni au fizi zinazotoka damu, unazidisha hatari. Unaona walivyonipoteza? Walijua ugonjwa mmoja, wakasema hakuna ugonjwa.

Kinga ipo. Kondomu hutumika hapo pia, si kwa yale mambo mengine tu. Na kwa upande wa msichana, mnaikata kwa urefu ikafunguka kama kitambaa, ikawekwa katikati. Nilimwangalia yule daktari nikafikiri ananitania. Hakuwa ananitania. Akaongeza kwamba hata hiyo haizuii yote, kwa sababu kidonda kinaweza kuwa mahali ambapo mpira haufiki. Kwa hiyo mpimwe wote wawili, na mkipatikana na kitu mtibiwe wote wawili, na mngoje mpaka daktari aseme mmepona. Usiende kwa duka la dawa ukanunua vidonge viwili kwa kubahatisha. Na kidonda kikipona chenyewe usifurahi. Changu kilipona chenyewe.

Sikukatazi msichana. Ningekukataza kwa mdomo gani? Mimi nakuomba tu usijidanganye kwamba umejizuia wakati hujauliza. Nilidhani hatari ni kitendo fulani kimoja chenye jina, na vingine vyote ni mchezo. Nenda naye mkapimwe. Ukiona haya kumwambia, mwambie babako ni mwoga na amekulazimisha. Nitaukubali huo uongo, ni mdogo kuliko wangu.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo nikafikiri nimemaliza. Nikapanga nikuwekee karatasi hizi ndani ya begi, chini ya shuka, uzikute huko Naivasha nikiwa mbali. Halafu nikajiuliza: yaani nikutume wewe uende na siri nyingine ya kumficha mama yako? Nikuvue mzigo mmoja nikutwike mwingine? Nikaona nimerudia ujinga wangu ule ule.

Mama yako ameingia saa kumi na moja. Alikuwa na furaha, wamemwombea safari yako. Nikamwambia, "Mama Barasa, kaa." Akauliza nani amekufa. Nikamwambia kila kitu, Eastleigh, kidonda, viganja, sindano, karatasi. Ile karatasi niliichoma zamani, kwa hiyo sikuwa na la kumwonyesha ila uso wangu. Sikumwambia vizuri. Nilirukaruka, nikarudi nyuma, nikalia katikati, akaniambia, "Acha kulia, maliza."

Nikamaliza.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa na mkoba wake wa kanisani juu ya mapaja, anafungua zipu, anafunga. Akaniambia, "Miaka kumi na sita nimemwomba yule mtoto msamaha kila nikipanda ngazi." Nilipiga magoti hapo kwa zulia akavuta miguu yake nisiiguse.

Kisha akauliza swali moja, na hakuuliza kuhusu yule mwanamke, wala magonjwa, wala mimi. Akauliza, "Barasa anajua si yeye?"

Nikasema bado. Nikasema nimeandika.

Akasimama. Akasema, "Kumbe uliniona nikimtazama kijana wangu akibeba maji, na ulikuwa unajua." Hiyo akairudia mara mbili. Halafu akasema barua hii usipewe kesho wala usiwekewe kwa begi, upewe leo hii, ukiingia tu mlangoni, kabla ya chakula, kwa sababu hutalala hata siku moja tena chini ya dari yake ukifikiri uliua. Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Sijui atanifanyaje, na sina haki ya kuuliza. Akiniambia niondoke nitaondoka. Kesho atakusindikiza yeye. Mimi nitakuja kama mtaniruhusu, na msiporuhusu nitaelewa.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunitukana, nitukane, mimi ni babako lakini hilo nimelistahili. Ukitaka usiniite baba kwa muda, sawa. Ila kapimwe, Barasa. Na umwamini mama yako akikuambia kwamba hukuwa na kosa, kwa maana mimi neno langu nimelichafua.

Nasikia sauti yako huko chini, unacheka na watu wa ploti. Unapanda sasa. Nitakupa karatasi hizi mkononi, na nitakaa hapa kwenye kiti, mbele yako, mpaka umalize kusoma.

Babako.